Dawa Isiyo na Mgonjwa: Hotuba kwa Wasusi na Wauza Vipodozi wa Nairobi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wasusi, watengeneza kucha na wauza vipodozi katika ukumbi mmoja mtaani Kaloleni, Nairobi. Tunaichapisha nzima kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa chama, mama zangu na dada zangu mnaosuka, ndugu zangu vinyozi, vijana mnaotengeneza kucha, na nyinyi wenye vibanda na maduka ya vipodozi, hamjambo?

Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kukubali kuacha wateja ili msikilize habari za kemikali moja. Mimi ni mfamasia. Nimekuja na neno moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: haidrokwinoni ni dawa. Si mafuta ya kujipaka, si losheni, si kipodozi. Ni dawa yenye ugonjwa wake, kipimo chake, muda wake na madhara yake. Anayejipaka mwili mzima bila kuwa na ugonjwa huo anajitibu maradhi asiyokuwa nayo, na mara nyingi huishia kupata mengine ambayo hakuwa nayo.

Haidrokwinoni ni kitu gani hasa? Ukiiona ikiwa safi ni chembechembe nyeupe, huyeyuka katika maji, na kwa macho huwezi kuitofautisha na unga mwingine wowote mweupe wa maabara. Wanakemia wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliipata mwaka 1820, na Mjerumani Friedrich Wöhler ndiye aliyeipa jina mwaka 1843. Sifa yake kuu, ambayo ningependa muishike kwa sababu mengine yote yanatokana nayo, ni kwamba huachia elektroni zake kwa urahisi sana. Ikiachwa wazi penye hewa na mwanga, huanza kubadilika na kuwa kitu kingine kiitwacho benzokwinoni, ambacho huwasha na kuunguza ngozi kuliko chenyewe. Nyinyi mmeona jambo hilo kwa macho yenu hata kama hamkujua jina lake. Krimu iliyonunuliwa ikiwa nyeupe pepepe, baada ya wiki kadhaa za kufunguliwa na kufungwa, huanza kugeuka kahawia kuanzia kwenye ukingo wa kopo, pale kidole kinapopita na hewa inapoingia. Mteja hudhani ni uchafu wa kidole, huufuta, kisha anachota chini yake na kujipaka usoni.

Sifa hiyo ya kuachia elektroni ndiyo iliyoifanya haidrokwinoni iwe na kazi nyingi za halali. Wazee waliomo humu watakumbuka studio za picha za zamani, zile za picha nyeusi na nyeupe. Nyuma ya studio palikuwa na chumba cha giza, na ndani yake sinia yenye dawa. Karatasi nyeupe ilipolowekwa humo, uso wa mtu ulijitokeza taratibu, kwanza nywele na nyusi, kisha macho, kisha kola ya shati. Dawa iliyokuwa katika sinia ile mara nyingi ilikuwa na haidrokwinoni, ikiigeuza chumvi ya fedha iliyo kwenye karatasi kuwa fedha yenyewe, na hiyo ndiyo weusi tunaouona pichani.

Na nyinyi mnaotengeneza kucha, kemikali hii iko mezani penu kila siku. Kile kimiminika chenye harufu kali mnachochovya brashi kabla ya kugusa unga wa akriliki kingejigandia chenyewe ndani ya chupa kama kisingetiwa kiasi kidogo sana cha haidrokwinoni, au ndugu yake wa karibu, cha kukizuia. Umoja wa Ulaya, ambao uliipiga marufuku haidrokwinoni katika krimu za kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001, bado unairuhusu katika kucha za bandia, kwa kiwango cha asilimia 0.02 na kwa mikono ya mafundi pekee. Kwa hiyo sikuja hapa kuitukana kemikali. Katika chupa ya akriliki imekaa mahali pake. Katika chumba cha giza ilikaa mahali pake. Swali langu ni hili: ni nani aliyeihamishia kwenye shavu la mtoto wa mtu?

Ilivyofika kwenye ngozi ni kisa cha kiwandani. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi za wanyama, ambao mikono yao ilikuwa imeanza kupoteza rangi mabaka kwa mabaka. Walipochunguza, waligundua kwamba wafanyakazi hao walivaa glovu za mpira, na ndani ya mpira huo mlitiwa kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni iitwayo monobenzoni, ili mpira usichakae haraka. Hebu tafakarini. Watu walikwenda kazini kutafuta riziki, wakavaa glovu ili wajikinge, na glovu zenyewe zikawavua rangi waliyozaliwa nayo. Kwa madaktari hilo lilikuwa ajali ya kazini, jeraha. Lakini walikuwapo waliolisoma jeraha lile wakaona biashara.

Inafanyaje kazi? Ndani ya ngozi zetu mna seli zinazotengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi yetu. Seli hizo hutumia kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, kinachochukua malighafi na kuanza kuigeuza kuwa melanini. Haidrokwinoni inafanana na malighafi hiyo kiasi kwamba kimeng'enya huikamata hiyo badala yake, na kazi ikakwama. Mazao ya mkwamo huo nayo hudhuru seli yenyewe. Ngozi hupauka kwa sababu kiwanda chake kimezuiwa, wala haijasafishwa kitu. Ukiacha kupaka, kiwanda huanza tena, na jua likiwaka juu ya ngozi iliyochokozwa, rangi hurudi kwa kishindo, mara nyingi nyeusi kuliko mwanzo. Ndiyo maana mteja wa krimu hizi haachi. Akiacha wiki mbili anajiona ameharibika, anarudi dukani.

Daktari wa ngozi huitumiaje? Huitumia kwa mtu mwenye ugonjwa: mama aliyeota mabaka mashavuni wakati wa ujauzito na mabaka yakakataa kuondoka baada ya kujifungua, au kijana aliyebaki na madoa baada ya chunusi. Hupewa asilimia 2 au 4, apake kwenye doa na si pembeni, kwa miezi michache tu, huku akijipaka kinga ya jua kila asubuhi, kisha daktari humtazama upya na kumwachisha. Mjamzito hapewi.

Sasa tufanye hesabu pamoja, kwa maana nyinyi ni wafanyabiashara na hesabu mnaijua. Krimu inayotoka kwenye tyubu na kujaa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza ni takriban nusu gramu. Kwa doa la mgonjwa, hiyo inatosha na kubaki. Ikiwa krimu ni ya asilimia 4, nusu gramu ina miligramu 20 za haidrokwinoni. Lakini yule anayejipaka mwili mzima, shingo hadi vidole vya miguu, anahitaji angalau gramu 20 kwa mpako mmoja. Gramu 20 za krimu hiyohiyo zina miligramu 800. Hiyo ni mara arubaini ya dozi ya mgonjwa. Apake asubuhi, apake jioni, apake mwaka mzima, apake miaka. Na sehemu kubwa ya haidrokwinoni inayopakwa haibaki juu ya ngozi; hupenya, huingia katika damu, na figo ndizo zinazopewa kazi ya kuitoa. Kuna dawa gani nyingine ambayo mngekubali kuinywa mara arubaini ya kipimo cha daktari, bila daktari, na bila ugonjwa?

Mtasikia wakisema huleta saratani. Mimi sipendi kuwatisha watu kwa yasiyothibitika, kwa kuwa siku wakigundua ulizidisha chumvi hawatakuamini tena hata kwenye ukweli. Panya waliolishwa haidrokwinoni kwa wingi walipata uvimbe kwenye figo. Kuhusu binadamu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linasema ushahidi hautoshi kuamua upande wowote. Lakini yako madhara ambayo hayana ubishi hata kidogo, na moja nataka nilikalie kwa muda.

Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika kuhusu wanawake waliokuwa wakifika hospitalini wakiwa na ngozi iliyokwaruza na kuwa nyeusi kupita kiasi, hasa kwenye mfupa wa shavu na pembeni mwa macho, yaani palepale walipopaka krimu za kung'arisha. Hali hiyo huitwa okronosi. Kemikali huvuruga kimeng'enya kingine katika ngozi, na mabaki yake yakarundikana chini kabisa, kwenye nyuzi za tabaka la ndani, ambako sabuni haifiki, krimu haifiki, na hata mashine za leza huhangaika. Serikali ya huko ilijaribu kwanza kuweka kikomo cha asilimia 2. Wagonjwa hawakukoma. Mwaka 1990 ikapiga marufuku kabisa.

Nami nimeiona okronosi mbele yangu. Dada mmoja, mfanyakazi wa ofisini, mpole na mwenye adabu, alifika dirishani pangu akaniomba krimu yenye nguvu kuliko aliyokuwa nayo. Nilimwomba asogee penye mwanga. Uso wake kwa jumla ulikuwa mweupe, lakini juu ya mashavu yote mawili palikuwa na utando wa rangi ya kijivu inayoelekea samawati, na nilipomwomba apitishe kidole, akakiri kwamba anahisi vipele vidogo vigumu visivyouma. Nikamuuliza anadhani ni nini. Akaniambia kwamba hapo ndipo krimu haijafika bado. Kwamba weusi ule ni ukaidi wa ngozi yake, na ndiyo maana kila alipouona ukizidi, naye alizidisha kupaka. Mnaona mtego ulivyo? Krimu ilileta doa, doa likamtuma akanunue krimu, na kila alipopaka akawa analisha kile alichokuwa anapigana nacho. Hakuna aliyewahi kumwambia. Msusi wake aliyemshika kichwa kila mwezi aliuona uso ule, muuzaji wake aliuona, sisi sote tuliuona, na kila mmoja wetu akanyamaza kwa kuogopa kumwaibisha.

Sikuja kuwalaumu wanaojichubua. Msichana anayeambiwa na mabango, na jamaa zake, na wakati mwingine hata na anayemhoji kazini, kwamba maji ya kunde ni bora kuliko mweusi, hajaanzisha yeye uongo huo. Ameukuta. Lakini sisi tulio baina yake na kopo tunalo la kujibu.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye mkorogo. Nisikilizeni vizuri, kwa maana kwenye mkorogo hatuzungumzii tena kemikali moja. Unachukuliwa mtungi wa losheni ya kawaida, inaminywa humo krimu ya haidrokwinoni, inaongezwa tyubu ya steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kama klobetasoli au betamethasoni, na wakati mwingine, Mungu atusamehe, inamiminwa peroksaidi ileile mnayopaushia nywele. Kuna mdudu mmoja wa jamii ya mbawakawa, ambaye Afrika hii wako wa aina nyingi, anayejilinda kwa kuhifadhi vitu viwili ndani ya tumbo lake: haidrokwinoni na peroksaidi. Adui akimsogelea, huviruhusu vikutane pamoja na vimeng'enya vyake, na papo hapo hurusha mvuke unaounguza, ulio karibu na nyuzijoto 100. Mdudu yule huvitenganisha vitu hivyo maisha yake yote, hadi siku ya vita. Katika ndoo ya mkorogo hakuna vimeng'enya vya mdudu, kwa hiyo ndoo haitalipuka. Lakini peroksaidi huharakisha kuigeuza haidrokwinoni kuwa kile kitu kikali nilichokitaja, benzokwinoni, na ngozi iliyopakwa vyote viwili huwashwa na kupata madoa. Anayekoroga hajui asilimia ya alichotia, anayepakwa hajui amepakwa nini, na daktari atakayempokea hajui atibu nini.

Steroidi nayo ina njia zake. Hufanya ngozi iwe laini na kung'aa kwa muda, na ndiyo siri ya mikorogo mingi kupendwa. Kisha ngozi hukonda, mishipa midogo ikaonekana, michirizi mipana ikatokea mapajani na tumboni, chunusi zikafumuka, vidonda vikachelewa kupona. Daktari wa upasuaji anayemfanyia mama kama huyo upasuaji wa kujifungua anashona ngozi isiyoshika uzi vizuri. Na ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, steroidi hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huzifanya tezi zilizo juu ya figo zisahau kazi yake. Kwa sababu hiyo, mteja aliyetumia mkorogo wa steroidi kwa muda mrefu msimwambie aache ghafla leo; mwambieni aende hospitali aachishwe kwa utaratibu. Wa haidrokwinoni pekee anaweza kuacha leo hii.

Ya zebaki nitayapitia kwa haraka, ingawa yanahusu mji wetu wenyewe. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 waliovimba miguu na uso kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Hapa hapa Nairobi. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha. Zebaki haikai kwa aliyejipaka peke yake. Huhamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwa mtoto anayelala kifuani. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata unaopiga vita zebaki, na bado sabuni na krimu zake hazijatoweka sokoni.

Je, sheria inasemaje kuhusu haidrokwinoni? Inasema wazi. Viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, vinaikataza katika vipodozi, pamoja na zebaki na steroidi. Ghana iliikataza mwaka 2016, na Marekani yenyewe, iliyokuwa ikiruhusu asilimia 2 kuuzwa bila cheti cha daktari, iliondoa ruhusa hiyo mwaka 2020. Kwa hiyo anayekuambia kwamba krimu yake ni halali kwa kuwa imetoka ng'ambo, muulize ng'ambo ipi.

Na kuna jambo tunalolisahau kwa sababu Nairobi ina baridi. Tuko jirani kabisa na ikweta, na tumeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na miale ya jua hupenya zaidi. Sweta haimaanishi kwamba jua halipo. Ndugu zetu wenye ualbino wanalijua hilo kuliko sisi: wamezaliwa na melanini kidogo au bila kabisa, na jua huwapa vidonda na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, huwapa mafuta ya kuwakinga na jua. Fedha za umma zinatumika kumpa mwenzetu kinga ya kopo badala ya ile aliyoikosa tangu kuzaliwa, na sisi tuliozaliwa nayo, bure, tunalipa ili iondolewe.

Basi tufanye nini kuanzia kesho asubuhi? Kwanza someni lebo, na mjue kwamba lebo haiandiki kama ninavyotamka. Itaandika hydroquinone, au quinol, au benzene-1,4-diol. Steroidi itaandikwa clobetasol au betamethasone. Zebaki itajificha kama calomel, mercuric au mercurous. Lebo isiyotaja kilichomo kabisa, rudisheni kopo kwa aliyewaletea. Krimu inayogeuka kahawia kwenye ukingo, itilieni shaka hata kama lebo yake ni safi. Mteja mwenye madoa mnaweza kumwelekeza kwa daktari wa ngozi, ambaye ana dawa nyingine kama asidi ya azelaiki na niasinamidi. Na mteja mwenye weusi wa kijivu mashavuni, nawasihi, msinyamaze. Mwiteni pembeni, mkiwa wawili tu, mmwambie kwa upole kwamba hiyo ni krimu inayofanya hivyo, aache leo, au kama ni mkorogo wa steroidi aende hospitali aachishwe, na ajikinge na jua.

Wenye maduka mtaniuliza mtakula nini. Ni swali la haki, na sitalikwepa: makopo haya yana faida kubwa kuliko mafuta ya nazi. Lakini mnauza dawa bila leseni ya dawa, na siku mteja akianguka, aliyelitengeneza kopo yuko mbali wala hajulikani. Anayejulikana ni wewe, na kibanda chako kiko palepale.

Mwenyekiti ameniambia tuna muda wa maswali mpaka saa kumi. Wale ambao mmekuja na bidhaa kwenye mikoba yenu, zileteni hapa mezani, tuanze kusoma lebo moja moja kwa sauti. Na yule asiyetaka kuonekana, nitabaki nje karibu na lango baada ya mkutano, na nitamsikiliza.